Historia ya Banda la Sungura

Mwombe mtu yeyote akusimulie historia ya Arusha. Ataanza na Boma la Wajerumani lililojengwa karibu na mwaka 1900, ataruka hadi Azimio la mwaka 1967, kisha atamalizia na mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyoketi hapa tangu mwaka 1995 hadi ikafungwa 2015. Mimi leo naanzia nyuma ya nyumba, penye banda la sungura. Usicheke kwanza.

Babu yangu anaishi mteremkoni mwa Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru. Mwezi uliopita baba zangu wadogo waliamua nusu ya kihamba iuzwe, na mnunuzi akataka kiwanja kisafi. Nikatumwa kubomoa banda. Mimi niliyeishia kidato cha nne, ambaye kila siku najitapa kijiweni kwamba naandika riwaya, nikadhani ni kazi ya saa moja. Kumbe wapi! Ilinichukua siku mbili, maana kila ubao nilioung'oa babu alikuwa na neno juu yake.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu sungura mwenyewe. Yule mjanja wa hadithi zetu, anayemzidi fisi akili, ni sungura wa porini. Yeye hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho yakiwa wazi. Huyu wa bandani ni wa ukoo mwingine, na asili yake ni Hispania na Ureno. Watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, na mama hujinyofoa manyoya yake mwenyewe ili awatandikie. Warumi wa kale walifuga wanyama wa jamii hii katika viwanja vyenye ukuta, na mwandishi wao Varro alieleza habari hizo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba watawa wa Ufaransa ndio waliomfanya sungura awe wa nyumbani, karibu na mwaka 600, kwa ruhusa ya Papa. Mwaka 2018 watafiti walikifuatilia kisa hicho wakakuta hakina msingi. Basi nami nikajisemea, heri nisome mbao zilizo mbele yangu.

Nilianza na misumari. Yote ilikuwa na makovu, hakuna hata mmoja ulionyooka sawasawa. Babu akanieleza kwamba banda lilijengwa mwaka 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa hapa Arusha, ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na bei ya mafuta ikapanda. Madukani sabuni ikawa haba, sukari haba, na nyama ni kwa foleni. Kisha mwaka huo wa 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine.

"Ukionekana na boksi la misumari mipya," babu akasema, "kesho yake wanakuuliza umeipata wapi."

Kwa hiyo aling'oa misumari ya zamani kwenye masanduku ya chai na milango mibovu, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Paa aliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kubamizwa yakawa bapa. Kuta ni mabanzi aliyookota kwenye kiwanda cha mbao. Miguu minne aliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu wasipande. Sakafu aliitengeneza kwa fito, akaacha nafasi isiyozidi kidole cha mwisho, mavi yadondoke chini lakini mguu wa sungura usizame. Mavi yenyewe yalikwenda kwenye migomba na mibuni. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, kwa hiyo nyama ilipatikana bila foleni, na baba yangu alinunuliwa madaftari kwa sungura waliouzwa.

Jambo lililonishangaza ni waya. Haukuwa wa kuku, ulikuwa na matundu madogo mno. Nikauliza. Babu akakaa kimya kidogo, akaonyesha mahali palipo na nyanya sasa. "Hapo palikuwa na meza za kuanikia kahawa."

Mwezi Julai 1989 ule utaratibu wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ili bei isianguke ulivunjika. Ndani ya miezi michache bei katika soko la dunia ikashuka hadi kama nusu. Wameru wengi wakang'oa mibuni, wakapanda nyanya na kabichi. Babu naye aling'oa mingi. Meza za kahawa zikabaki bila kazi, akazichana na kuugongomea waya ule kwenye banda mahali pa mianzi iliyokuwa imeguguniwa, maana meno ya sungura hayaachi kukua. Mkataba ulivunjika ughaibuni, na mimi nikaushika waya wake mkononi.

Jioni ya pili tulikuwa na kopo zima la misumari. Babu akaweka jiwe na nyundo mbele yangu.

"Nyoosha."

"Babu, siku hizi misumari inauzwa duka lolote pale Tengeru!"

Hakunijibu. Alinitazama tu, macho yenyewe siku hizi hayaoni vizuri. Nikakaa chini nikanyoosha hadi giza likaingia.

Sasa nina banda uani kwangu Sanawari, nusu mbao mpya, nusu za babu, na sungura wawili. Riwaya niliyokuwa nimeianza kwa Wajerumani na Boma lao nimeichana. Nimeanza upya, na kurasa tatu za kwanza ni za mzee anayegonga misumari juu ya jiwe mwaka 1983, huku akisikiliza kama kuna gari linalokuja.