Jina Katika Biskuti

Mpenzi wa ushairi anajua kwamba neno moja likibadilishwa, beti nzima huweza kuharibika. Huko Australia jambo hili limeingia hata katika kitafunio: biskuti iitwayo Anzac. Hutengenezwa kwa oti, unga wa ngano, sukari, siagi, shira ya miwa na nazi iliyokaushwa. Haitiwi yai, na hivyo hudumu siku nyingi.

Anzac ni jina la kikosi cha askari wa Australia na New Zealand kilichoshuka Gallipoli, Uturuki, tarehe 25 Aprili 1915. Waaustralia zaidi ya 8,000 walifia huko. Husimuliwa kwamba biskuti hii ndiyo waliyokula vitani. La hasha! Chakula chao kilikuwa biskuti kavu, ngumu kama kigae, hata wengine wakaisaga na kuipikia uji. Hii tamu ilipikwa zaidi majumbani na kuuzwa ili kuchangia vita. Nayo nazi haikuwamo katika mapishi ya mwanzo, iliongezwa baadaye.

Tangu 1921 jina hilo limelindwa kwa kanuni za serikali. Mwuzaji hupewa ruhusa kulitumia iwapo atafuata mapishi ya asili na kuiita biskuti, si kwa neno la Kimarekani.

Basi jina lina mlinzi, na mapishi yana mlinzi. Kisa ndicho kilichoachwa bila mlinzi. Nasi tukiila kwa ladha ya nazi tuliyoizoea, tuwakumbuke marehemu wale kwa kile kigumu walichokitafuna.