Kwa nini hesabu inasafiri na fishi inabaki: historia ya programu za afya, kutoka Eldoret hadi Bunia

BUNIA, ITURI. Kila mwanzo wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya anafungua rejista zake na kujaza kanevasi. Anaandika malaria ngapi, wamama wangapi wamezaa, watoto wangapi wamepata chanjo. Karatasi hiyo inapanda pikipiki hadi biro kuu ya zoni ya afya, ile wengi wanaiita BCZ. Hapo mfanyakazi anaingiza hesabu katika kompyuta, ndani ya programu inayoitwa DHIS2. Tangu hapo hesabu zinaweza kusomwa Bunia, na zinaweza kusomwa Kinshasa.

Fishi ya mgonjwa ni jambo lingine. Ile yenye jina lake, dawa anazokunywa na majibu ya damu yake, katika vituo vingi vya vijijini inabaki ndani ya sanduku au kabati. Kituo kikichomwa au kikiporwa, fishi inapotea. Familia zilizokimbia Djugu, Irumu na Mambasa, na sasa ziko Kigonze, ISP au kwa jamaa mjini Bunia, zinajua vizuri maana yake. Mtu wa tensheni au wa kifua kikuu anafika kwenye kituo kipya, anaulizwa alikuwa anakunywa dawa gani na tangu lini, naye hana kitu cha kuonyesha isipokuwa kumbukumbu ya kichwa chake.

Hesabu inasafiri, mtu anafika mikono mitupu. Wengine wanafikiri programu ya kuhifadhi fishi ni jambo la Ulaya lisilofika kwetu. Historia inaonyesha kwamba ilizaliwa karibu sana, Kenya na Rwanda, na kwamba kilichoiwezesha ni wazo moja rahisi la waandishi wa programu.

Programu nzito za mabenki

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mabenki na kampuni za ndege zilitaka programu ambazo watu maelfu wangeweza kutumia kwa pamoja kupitia intaneti. Programu ya namna hiyo inahitaji seva, yaani mashini inayobaki macho usiku na mchana, inayopokea maombi ya kila mtu na kumjibu kila mmoja. Desemba 1999, kampuni ya Marekani Sun Microsystems ilitoa kanuni za kujenga programu hizo kwa lugha ya Java. Kanuni ziliitwa J2EE. Makampuni makubwa yaliuza seva za kuzifuata, kama WebLogic na WebSphere, kwa maelfu ya dola. Benki ingeweza kulipa. Hospitali ya mashambani, hapana.

Zaidi ya bei, kulikuwa na shida ya ndani. Katika mtindo ule, kila sehemu ya programu ilipaswa kwenda yenyewe kutafuta vitu inavyohitaji ndani ya seva. Ilipaswa kujua jina la kila kitu, mahali pake na jinsi ya kukiomba.

Ili kuelewa, tuchukue mfano wa mkunga wa Komanda. Tuseme kabla ya kila mama kuzaa, mkunga huyo analazimika kwenda mwenyewe Bunia kuchukua glavu na uzi. Lazima ajue njia, ajue mlango wa depo, amjue mwenye funguo. Depo ikihama, kazi yake inasimama. Na mtu akitaka kumpima kama anajua kuzalisha, lazima kwanza afungue depo yote ya Bunia.

Sasa tuseme mkunga anaandika tu: nahitaji glavu, uzi na dawa. Mtu mwingine, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, anamletea vitu hivyo kabla kazi haijaanza. Vikitoka Bunia, Beni au Kampala, mkunga hajali. Siku ya mafunzo anaweza kupewa mwanasesere, naye akafanya kazi ileile mbele ya mwalimu.

Wataalamu wanauita mtindo huu wa pili dipendensi injeksheni. Kwa Kiswahili chepesi tunaweza kusema kudungiwa mahitaji: sehemu ya programu haitoki kwenda kutafuta, inaletewa kutoka nje, kama mwili unavyopokea dawa ya sindano.

Mwaustralia mmoja na kitabu chake

Oktoba 2002, mwandishi wa programu kutoka Australia, Rod Johnson, alitoa kitabu kilichopinga uzito wa J2EE. Ndani yake aliweka mistari zaidi ya 30,000 ya programu aliyoiandika mwenyewe, ili kuonyesha kwamba njia nyepesi inawezekana. Wasomaji wawili, Juergen Hoeller na Yann Caroff, wakamwomba aifanye kazi hiyo kuwa mali ya wote. Ndivyo ilivyozaliwa Spring. Januari 2004 Martin Fowler wa Uingereza aliandika makala iliyoupa mtindo huo jina lake, na Machi 2004 toleo la kwanza la Spring lilitoka.

Spring ndiyo yule mtu anayeleta glavu. Programu inapowashwa, inasoma orodha inayosema nani anahitaji nini, inaunda kila sehemu, inaikabidhi mahitaji yake, kisha inaruhusu kazi kuanza. Matokeo yake yalikuwa makubwa kwa watu wasio na fedha. Programu iliyojengwa kwa Spring haikulazimika kununuliwa seva ya bei kubwa. Seva ndogo ya bure inayoitwa Tomcat ilitosha.

Eldoret, na vita vya Ituri

Wakati huo huku kwetu watu walikuwa wakikimbia. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, katika teritwari ya Irumu, ilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, wagonjwa wakiwa miongoni mwao. Hospitali iliyokuwa na sifa katika eneo zima iliporwa, na waliookoka walitembea kwa miguu porini hadi Oicha. Karatasi za hospitali haziwezi kutembea namna hiyo.

Kenya ilikuwa katika vita vingine, vya UKIMWI. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa mjini Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango wa AMPATH. Mwaka huohuo kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta, kwa programu ndogo ya Microsoft Access, ile ya kuweka orodha za ofisini. Mwanzoni ilifaa. Wagonjwa walipozidi na vituo kuongezeka, ilianza kulemewa.

Mwaka 2004 waganga wawili wa Indiana waliojua pia kuandika programu, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret kuangalia hali hiyo. Burke ni mtoto wa Joe Mamlin, mganga aliyekuwa mmoja wa viongozi wa AMPATH. Waliona kwamba kutia viraka hakutoshi. Pamoja na shirika la Partners In Health, na baadaye Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, walianza kujenga OpenMRS, programu ya bure ya kuhifadhi fishi za wagonjwa. Waliijenga kwa Java, juu ya Spring, ikikaa ndani ya Tomcat. Mwanzoni mwa 2006 ilianza kazi Eldoret. Mwaka huohuo ilifika Rwinkwavu, mashariki ya Rwanda, na Afrika Kusini.

Hapa ndipo wazo la kudungiwa mahitaji lilipoonyesha faida yake. Ndani ya OpenMRS, sehemu inayoshughulikia mgonjwa haijui habari zinahifadhiwa wapi wala namna gani. Inaletewa mtunza habari wake na Spring. Kwa hiyo nchi moja inaweza kuongeza kipande chake, kama cha kifua kikuu au cha chakula cha watoto, bila kupasua kiini cha programu. Kenya ilitengeneza KenyaEMR, Uganda ikatengeneza UgandaEMR, na zote mbili zinasimama juu ya kiini hichohicho. Kigali vijana wa Rwanda walifundishwa kuiandika na kuirekebisha wenyewe.

Mfano mwingine utaeleweka haraka na kila mtu aliyeishi Ituri kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Katika vituo vya Ebola, karatasi ikiingia upande wa wagonjwa haitoki tena. Ebola ilipoipiga Afrika Magharibi, katika kituo cha Kerry Town nchini Sierra Leone watu walichukua OpenMRS, wakaongeza vipande vya Ebola, wakawapa waganga tableti za kutumia ndani. Habari ilitoka kwa mawimbi, karatasi ikabaki. Kazi hiyo ilichukua miezi michache tu, kwa sababu hawakuanza sifuri.

Na ile ya hesabu, DHIS2?

DHIS2 ina historia yake. Mwaka 1994, Afrika Kusini ilipotoka katika ubaguzi wa rangi, kikundi kinachoitwa HISP, ambamo Jørn Braa wa Norwe alikuwa mmoja wa waanzilishi, kilianza kusaidia wilaya kuhesabu magonjwa. Nayo ilianza kwa Microsoft Access. Kuanzia 2004 hivi, Chuo Kikuu cha Oslo kiliiandika upya kwa Java na Spring, ili ikae kwenye seva moja na kufikiwa kwa intaneti. Mwaka 2011 Kenya iliieneza nchi nzima. Congo ilifuata katikati ya miaka ya 2010, na leo kanevasi za Ituri zinapita humo.

Kwa hiyo programu hizi mbili zimejengwa kwa fundi mmoja, tukisema hivyo, lakini kazi zao ni tofauti. Kanevasi ya mwezi inauliza wangapi. Haiulizi nani. Ikisema watoto 40 wamepata chanjo katika kituo fulani, haiwezi kusema kama mtoto wa mama aliyekimbia jana usiku ni mmoja wao. DHIS2 ina pia sehemu ya kumfuatilia mtu mmoja mmoja, lakini hiyo inadai kazi nyingine kabisa: kompyuta au simu katika kila kituo, umeme, na watu waliofundishwa.

Jina la mtu ni jambo zito

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole, na huku Ituri haifai kufichwa. Katika jimbo ambako jina la mtu au la kijiji chake limewahi kutosha kumuua, orodha ya majina ndani ya seva inaweza kuokoa na inaweza kudhuru. Familia iliyokimbia ina haki ya kuuliza nani ataisoma fishi yake.

OpenMRS ina jibu la sehemu. Kwa kuwa Spring ndiyo inayounganisha kila kitu, inaweza kumsimamisha mlinzi mbele ya kila huduma. Anayetaka kusoma fishi anaulizwa kwanza ruhusa yake, na mwandishi wa programu hana haja ya kurudia swali hilo mahali mia. Lakini mlinzi huyo anatii amri za aliyemweka. Kama ruhusa zinagawiwa ovyo, au kama neno la siri limebandikwa ukutani, hakuna programu itakayosaidia.

Wazo lenyewe lina udhaifu pia. Kinachongoja kuletewa kinasimama kisipoletewa. Programu ya Spring ikikosa kitu kimoja katika orodha yake, mara nyingi haiwaki kabisa. Vituo vyetu vinaijua hali hiyo: mradi unakuja na kompyuta na petroli ya jenereta, mradi unakwisha, kompyuta zinashika vumbi. Eldoret ilifaulu kwa sababu chuo kikuu na hospitali ya pale vilishika kazi wenyewe tangu mwanzo. Rwanda ilifundisha vijana wake.

Ituri ina vyuo, ina vijana wanaosoma mambo ya kompyuta Bunia, na OpenMRS ni bure kwa yeyote anayetaka kuifungua na kujifunza. Swali la kuwauliza viongozi wa afya na wafadhili wao ni hili: mgonjwa akikimbia tena, ni kitu gani cha matibabu yake kitakachofika kabla yake au pamoja naye?

Wakati jibu linangojewa, karatasi ndiyo seva ya kila familia. Fishi, kadi ya chanjo na kadi ya ujauzito ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vitu vinavyobebwa kwanza. Mwenye simu apige picha ya kila ukurasa. Na anayekunywa dawa za kila siku amfundishe mtu mmoja nyumbani jina la dawa na kipimo chake, ili habari hiyo isikae katika kichwa kimoja tu.