Shabaha na Kioo cha Rada

Mpwa wangu mmoja, aliyekuwa akifasiri kwa Kiswahili maelezo ya ndege ya kivita ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iitwayo F-14 Tomcat, aliniletea karatasi zake jioni moja baada ya sala ya magharibi, akaniambia, “Mjomba, ndege yenyewe imekubali Kiswahili, mbawa zake na mzinga wake, lakini kile kinachopigwa ndicho kilichonishinda.” Katika karatasi ya kwanza alikuwa ameandika kwamba lengo limeonekana, katika ya pili kwamba lengo limekimbia, na katika ya tatu kwamba lengo limeanguka baharini, nami nikaona kwamba hata msomaji asiyejua lolote juu ya ndege angeshangaa, kwani lengo kwa matumizi ya siku hizi ni lile mtu analolikusudia moyoni mwake, na jambo lililomo moyoni halikimbii angani wala halizami majini. Nikamwambia aandike shabaha. Yeye aliridhika upesi. Mimi ndiye niliyebaki nikiligeuza neno lile huku na huku, hata nikaona kwamba limebeba siri ya rada zaidi kuliko nilivyodhani nilipolitamka.

Shabaha ni neno la ukoo mkubwa. Ndugu zake ni kushabihi na kushabihiana, na ile tashbihi ambayo kila mwanafunzi wa ushairi hukutana nayo. Na asili yao wote ni Kiarabu, ambako shabah ni mfano wa kitu, yaani sura inayofanana na sura nyingine. Waswahili walilipokea neno kwa maana hiyo, na kamusi zetu za zamani zinaishuhudia, kisha wakaliongezea kazi nyingine, ilhali Mwarabu anapotaka kutaja kitu kinachopigwa husema hadaf. Safari hiyo ya maana, kutoka mfano hadi mahali pa kupiga, kwa dhana yangu haikuwa ndefu: mtu anayejifunza kupiga shabaha hapigi adui, bali hupiga kibao, au dafu lililowekwa juu ya kisiki, au mchoro wa mtu uliosimamishwa mbali, navyo vyote vimewekwa pale badala ya kitu kisichokuwapo. (Kiarabu kina neno jingine, lenye h ya kooni, ambalo ni kivuli au mzuka, na ulimi wa Mswahili haubagui kati ya h hizo mbili, nalo lanikumbusha kwamba ndege iliyoitangulia Tomcat juu ya manowari za Kimarekani iliitwa Phantom, yaani mzuka. Hilo ni la bahati tu, wala silijengei hoja.)

Tomcat yenyewe iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1970, ikaanza kwenda baharini na manowari mwaka 1974, na ikastaafishwa mwaka 2006. Kampuni ya Grumman iliitengeneza kwa sababu ya hofu moja kubwa ya zama zile, kwamba ndege za kuangushia mabomu za Muungano wa Kisovieti zingekuja kwa makundi, kila moja imechukua kombora la kupigia marikebu, na kuyafyatua yote zikiwa mbali, kabla manowari ya kubebea ndege haijapata nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo ilitakiwa ndege iwezayo kuona mbali sana, kuona wengi kwa pamoja, na kuwapiga hali wangali mbali. Ndani yake walikaa watu wawili, rubani mbele na afisa wa rada nyuma yake. Na rubani, neno ambalo kwa asili ni la mwongozaji wa chombo cha baharini, hapa limerejea kwao, maana ndege hii huanza na kumaliza safari yake juu ya sitaha.

Rada yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Hughes na kupewa jina la AWG-9, ilikuwa na sahani ya upana wa sentimita 91 katika pua ya ndege. Kazi ya rada yoyote ni kupeleka mawimbi ya redio, yakagonga kitu na kurudi kama mwangwi, na kwa muda uliopita kati ya kwenda na kurudi umbali wa kitu ukajulikana. Lakini rada hii ilipima na mwendo pia, kwa kuwa mwangwi wa kitu kinachokuja hurudi na mawimbi yaliyobanana, na wa kitu kinachokwenda zake hurudi na mawimbi yaliyoachana. Faida yake ni kwamba ndege iliyojificha karibu na maji haifichiki tena, maana bahari na ndege hazina mwendo mmoja. Dhara yake ni kwamba adui mwerevu akigeuza ndege yake akapita kiubavu, asisogee wala asijitenge, mwangwi wake huchanganyika na ule wa bahari iliyo chini yake, na shabaha hutoweka kwenye kioo ilhali ndege iko palepale angani. Tazama basi jinsi lugha yetu inavyotusaidia hapa, kwani atakayesema kwamba ndege imetoweka atakuwa amesema uongo, na atakayesema kwamba shabaha imetoweka atakuwa amesema kweli.

Inasemwa juu ya AWG-9, nayo ndiyo sifa iliyoipa umashuhuri, kwamba iliweza kuandama shabaha 24 kwa wakati mmoja, na kuongoza makombora juu ya 6 kati yake. Mpwa wangu alikuwa ameandika kufuatilia, nami nikamwomba aandike kuandama, na sababu yangu ni hii. Anayefuatilia hakati mwendo wala haondoi jicho. Rada hii, inapoandama shabaha nyingi, haikai juu ya yeyote kati yake, bali hufagia anga toka upande hata upande, humgusa huyu kwa nukta moja ikamwacha, ikaenda kwa wengine, na katika muda ule wa kuachwa tarakilishi hufanya hesabu kwamba, madhali kitu kilikuwa mahali fulani na kilikwenda kwa mwendo fulani, sasa hapana budi kiwe mahali fulani. Kisha mawimbi yanapopita tena, hesabu husahihishwa. Ndivyo tunavyosema mwezi umeandama. Hatukuutazama usiku kucha na mchana kutwa. Ulikuwa umefichika, nasi tukasimama ufukweni tukaelekeza macho magharibi, pale ambapo hesabu ilituambia utatokea, na ulipotokea tukasema umeandama. Neno lina ndani yake kufuata na kudhihiri baada ya ghaibu, na sijui neno jingine katika Kiswahili linaloikaribia kazi ile ya rada kwa namna hiyo. Lakini lina na onyo lake, kwamba kati ya mfagio mmoja na wa pili kilichoko juu ya kioo si ndege, wala si hata mwangwi wa ndege. Ni mfano wake uliochorwa na hesabu.

Sifa ile ilijaribiwa Novemba 1973, katika pwani ya California, ambako Tomcat moja ilifyatua makombora 6 juu ya shabaha 6 katika muda wa sekunde 38, na manne kati yake yakafika.

Kuna neno jingine lililotuchelewesha, nalo ni la pale rada inapoacha kufagia na kumwekea mmoja macho yake yote. Magazeti hupenda kusema kwamba rada imeinasa shabaha. Mimi silipendi, kwa kuwa ndege aliyenasa kwenye ulimbo haruki tena, na samaki aliyenasa wavuni ni wa mvuvi, ilhali yule aliyewekewa rada bado yu huru angani, aweza kugeuka, kushuka, kutupa vipande vya karatasi ya madini ili kuchafua mwangwi, akaokoka. Afadhali tuseme rada imemkazia, kama vile mtu anavyomkazia mwenzake macho, jambo ambalo aliyekaziwa hulihisi. Na kweli, ndege za kivita hubeba chombo cha kumwonya rubani kwamba amemulikwa.

Juu ya silaha zenyewe nitapita haraka. Ulikuwapo mzinga wa milimita 20, wenye mitutu sita inayozunguka, kwa vita vya karibu. Lilikuwapo Sidewinder, kombora dogo linalofuata joto la injini, lililopewa jina la nyoka wa jangwani ahisiye joto la windo lake. Na Sparrow, ambalo halioni kwa mwanga wake lenyewe bali lazima ndege iliyolifyatua iendelee kuimulika shabaha hata mwisho. La fahari lilikuwa Phoenix, urefu wake mita nne, uzito wake kiasi cha kilo 450, liwezalo kupiga mbali zaidi ya kilomita 160: huenda safari yake kubwa kwa kuongozwa na rada ya mama yake, kisha linapokaribia hufungua rada yake ndogo na kumaliza kazi peke yake. Kombora, ambalo zamani lilikuwa tufe la chuma la kurushwa na mzinga, lisilopata tena habari za aliyelirusha, leo limekuwa jina la kitu chenye macho na hesabu, nasi hatuna haja ya kulitafutia badala. Wamarekani hawakupata kuangusha ndege ya adui hata moja kwa Phoenix. Waliolitumia vitani kwa mafanikio ni Wairani.

Miaka ya 1980 Tomcat ilifungiwa chini ya pua kamera ya televisheni yenye lenzi ya kukuza, ili afisa wa rada aweze kuiona kwa macho, kutoka masafa ambayo jicho tupu halifiki, ndege ambayo hapo kabla aliijua kwa alama tu. Mimi naihesabu kamera ile kuwa chombo chenye adabu kuliko vyote vilivyokuwamo ndani ya ndege hiyo.

Nasema hivyo kwa sababu ya tarehe 3 Julai 1988. Iran, nchi pekee ya kigeni iliyopata Tomcat, ilipokea 79 katika zama za Shah, na asubuhi ile manowari ya Kimarekani USS Vincennes, iliyokuwa katika Mlango wa Hormuz ikipigana na mashua za Kiirani, iliona katika rada yake ndege iliyopaa kutoka Bandar Abbas. Ilikuwa Airbus A300 ya abiria, ikielekea Dubai, safari fupi juu ya bahari ambayo majahazi yameivuka karne kwa karne yakija kwetu na upepo wa kaskazi. Airbus ina urefu wa zaidi ya mita 50, na F-14 mita 19. Lakini katika kioo cha manowari kila ndege ni alama, na alama haina urefu. Walioitazama waliamini kwamba ni F-14 inayokuja kuwapiga. Mashine iliandika kwamba ndege inapanda. Watu waliokuwa wakizisoma tarakimu walitamka kwamba inashuka, kwa kuwa ndege ya kuwapiga ingeshuka, na dhana ikawa na nguvu kuliko yakini iliyokuwa mbele ya macho yao. Manowari ikafyatua makombora mawili. Walikufa watu 290, na 66 kati yao walikuwa watoto.

Mpwa wangu alikuwa ameitia habari hii mwishoni mwa karatasi zake, katika sehemu ya Tomcat za Iran, naye alipoifikia akaweka kalamu chini akaniuliza, “Na hapa, Mjomba, niandike shabaha?” Nikamwambia aandike kwamba shabaha ilikuwa F-14, na ndege ilikuwa Airbus. Akaandika hivyo, akaniomba nimsomee tena kwa sauti idadi ya watoto, ili asiikosee.