Sindano za Mimea ya China na Funzo la Klorokwini

Malaria ikimzidi mtoto wa Nyamasaria, Kisumu, hata asiweze kumeza kidonge, dawa ya kwanza ya kudungwa ni artesunate. Chimbuko lake ni artemisinini, ambayo kundi la Tu Youyou lilifanikiwa kuitoa katika mmea wa Artemisia annua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jaribio la AQUAMAT lililochapishwa 2010 liliwahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo. Waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini, asilimia 10.9.

Sifa hiyo, hata hivyo, haihamishiki kwa kila sindano ya tiba asilia ya China. Artesunate ni kemikali moja inayojulikana muundo na kipimo chake. Sindano nyingi za asili ni rojo la viambato kadhaa kwa pamoja, na baadhi hutiwa polisobeti 80 ili viyeyuke, kitu ambacho chenyewe kinaweza kuzifanya seli za masti, yaani seli za kinga zinazohusika na mzio, zimwage histamini. Mwaka 2006 serikali ya China yenyewe ilisimamisha sindano za mmea wa yuxingcao baada ya madhara makubwa, vifo vikiwemo.

Upimaji wa kawaida unayumba hapa. Jaribio la kale la mzio humzoeza simbilisi dawa kwa siku kadhaa, kisha humdunga tena na kungoja mshtuko. Linatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili. Lakini mgonjwa anayevimba na kukosa pumzi kwa dozi ya kwanza kabisa huenda hana kumbukumbu yoyote. Mwaka 2015 ilibainika kwamba dawa kadhaa huziamsha seli za masti moja kwa moja kupitia kipokezi MRGPRX2, bila kingamwili kuhusika. Kwa hiyo simbilisi anaweza kufaulu mtihani ambao haukuuliza swali lenyewe.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wa umri fulani hawahitaji maabara kuelewa hoja hii. Wanaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, na ule mwasho wa mwili mzima uliomnyima mtu usingizi. Piritoni, dawa ya kuzuia histamini, haikufua dafu. Utafiti wa Mnyika na Kihamia wa 1991 uliuchunguza mwasho huo Dar es Salaam na jinsi ulivyoathiri matumizi ya dawa. Maelezo ya kimaabara yalipatikana 2009: klorokwini huamsha neva za mwasho kupitia vipokezi vya ukoo uleule wa MRGPR. Kenya ilikuwa imeshaacha kuitegemea tangu 1998, kwa sababu ya usugu wa vimelea. Kwa miongo mingi malalamiko ya wagonjwa yaliitwa mzio, au usumbufu tu, na swali likafungwa.

Zipo mbinu mpya. Panya hudungwa dawa pamoja na rangi ya Evans blue. Mishipa ikivuja, masikio yao hugeuka buluu ndani ya muda mfupi, kwa dozi hiyohiyo ya kwanza. Ni mbinu nzuri, ila panya ana kipokezi Mrgprb2, binamu tu wa kile cha binadamu, na unyeti wa vipokezi hivyo viwili kwa dawa hutofautiana sana. Naona basi Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya isiridhike na cheti cha simbilisi wala cha panya: ithibitishiwe pia matokeo kwenye seli za binadamu zenye MRGPRX2, kwa kila toleo la dawa, kwa sababu mavuno ya mimea ya msimu mmoja hayafanani na ya mwingine. Kasi ya dripu nayo ijaribiwe, maana kwa madhara ya aina hii kiasi kinachoingia kwa dakika huwa na uzito mkubwa.

Kisha kuna ufuatiliaji, ambapo hata artesunate ilituponyoka. Kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu wiki moja au zaidi baada ya tiba kuligunduliwa waziwazi kwa wasafiri waliorejea Ulaya, ambao walirudi kliniki na kupimwa damu tena. Mtoto anayetoka wodini Kisumu akiwa hana homa haitwi kupimwa hivyo kila mara. Sindano yenye viambato vingi visivyotambulika ikiingia katika mfumo huohuo, fomu ya kuripoti madhara itajazwa na nani, na mgonjwa ameshapanda matatu kurudi nyumbani?