Washkaji wa Mawindo wa Kusini: Walijua Nyayo Zote, Majina Yao Yakabaki Porini

Mdau, ukifuatilia kurasa za Wamarekani kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, utakutana na picha za aina moja. Washkaji wanne au watano, nguo za mabaka mabaka, vizibao vya rangi ya chungwa, wamepiga magoti pembeni ya mnyama mwenye mapembe kama matawi makavu ya mti. Msimu umejibu. Mmoja kapata kulungu, mwingine kapata elki, lile dume kubwa kama ng'ombe. Nyama inagawanywa, friji inajaa, picha inarushwa na kila mtu katajwa kwa jina.

Sasa turudi nyumbani. Leo nakupeleka Malolo, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Wengi mnaijua Ruangwa kwa sababu ya Namungo FC, wale Wauaji wa Kusini. Zamani ilikuwa sehemu ya Nachingwea, ikakatwa kuwa wilaya mwaka 1995. Ni nchi ya korosho, ufuta, mbaazi na pori. Na kwenye pori hilo, kabla ya mpira na kabla ya simu, kulikuwa na washkaji wa mawindo pia. Tofauti ni moja tu: picha zao hakuna, na majina yao hakuna.

KWANZA TUELEWANE KUHUSU MNYAMA

Kwetu hakuna elki. Jamii ile ya wanyama, ya kulungu wa Ulaya na Marekani, Afrika nzima inapatikana kiasili kule kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Neno kulungu tunalotumia kumtafsiri, huku kwetu ni jina la swala wa vichakani. Tofauti kubwa iko kichwani. Yule wa kwao anaangusha mapembe kila mwaka na kuota mengine. Swala wa kwetu akiota pembe, ni yake mpaka kufa.

Lakini kusini hatukuwa na njaa ya wanyama. Kulikuwa na tandala mwenye pembe za kujisokota, palahala mweusi mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, kongoni, kuro, nyumbu, funo. Na kulikuwa na pofu, mkubwa kuliko swala wote, dume lake likikomaa linaweza kufika hata kilo 900. Elki mwenyewe anasubiri hapo.

WASHKAJI WATANO NA GOBORE MOJA

Kuna mzee mmoja wa Malolo, tumwite Babu. Jina lake silitaji, na mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini. Ujanani alikuwa na wenzake wanne. Gobore lilikuwa moja, tena la kuazima kwa mtu mzima. Wengine mikuki, mapanga na mbwa.

Msimu wao ulikuwa kiangazi, baada ya mavuno. Nyasi zimeungua, ardhi iko wazi, unyayo unasomeka. Maji yamekauka sehemu nyingi, kwa hiyo wanyama wanasogea kwenye madimbwi yaliyobaki kuelekea bonde la mto Mbwemkuru. Huhitaji kumfukuza mnyama ukijua atakunywa wapi.

Na gobore siyo bunduki ya kwenye muvi, bana. Unamimina baruti mtutuni, unashindilia kwa ufito, unaweka risasi, unashindilia tena. Ukipiga umepiga. Ukikosa, au ukimjeruhi tu, huna la pili. Ndiyo maana hakuna aliyeenda peke yake. Mwenye gobore alitegemea uhai wake kwa wenzake wenye mikuki, na wote watano walimtegemea yule mmoja aliyejua kusoma nyayo: huyu kapita asubuhi, huyu kapita jana, huyu anachechemea.

Babu anasimulia mwaka mmoja msimu ulijibu kweli kweli. Pofu mmoja na kongoni wawili ndani ya siku chache. Nyama ilikaushwa kwa moshi juu ya uchanja hukohuko porini, maana kilo zote hizo huwezi kuzibeba mbichi. Kijijini, kundi lao lilikuwa na utaratibu: aliyemjeruhi mnyama kwanza ana fungu lake, mwenye gobore ana fungu lake hata kama alibaki nyumbani, na wajane hawakupitwa. Aliyekula peke yake, msimu uliofuata hakuitwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake.

Pointi yangu ni kwamba hiyo ilikuwa sheria. Hakuna aliyeiandika, ila watu waliifuata.

SHERIA YA PILI IKAJA NA MELI

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji kwa koloni zima. Ukitaka kuwinda wanyama wakubwa, ulipie kibali. Wakaanza na maeneo ya akiba ambayo mwenyeji haruhusiwi kuwinda. Kibali kilihitaji hela, na hela alikuwa nayo nani? Kwa hiyo bila mtu kuhama, bila mnyama kuhama, mwindaji wa jana akawa mhalifu wa leo.

Miaka michache baadaye, Julai 1905, vita ya Majimaji ikalipuka kwenye milima ya Matumbi na kusambaa kusini. Sababu mnazijua tangu shule: kodi, kilimo cha lazima cha pamba, viboko. Ila wapo wanahistoria wanaoongeza na kubanwa kwa uwindaji kwenye orodha hiyo, hasa kwa watu kama Wangindo ambao pori lilikuwa ghala lao la chakula. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula na mashamba. Hesabu yao wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamefika mpaka laki mbili na nusu au tatu, wengi wao kwa njaa.

Hapa kuna kitu wengi hawakiunganishi. Watu wakiisha, mashamba yanageuka kichaka. Kichaka kikirudi, wanyama wanarudi, na mbung'o anarudi nao. Miaka ya 1940 Waingereza wakawahamisha watu wa upande wa Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaingizwa kwenye hifadhi. Kwa hiyo lile pori kubwa tunaloambiwa ni la asili tangu enzi na enzi, sehemu yake ilikuwa vijiji. Kuna watu walipikia humo.

Na hifadhi ikaitwaje? Ikapewa jina Selous mwaka 1922, jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Yeye alikuja, akawinda, akafa, akapewa pori. Wangindo waliowinda humo vizazi na vizazi wakapewa kesi.

Hata safari maarufu kuliko zote za mawindo ina kasoro hiyohiyo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mtoto wake Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512. Idadi hiyo inajulikana mpaka mnyama wa mwisho. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200, walibeba kila kitu mpaka vitabu vyake. Wengi wao leo hakuna anayeweza kukutajia jina.

KARANGA, MARUFUKU, MENO YA TEMBO

Mwaka 1947 Waingereza wakaja Nachingwea na mpango wa karanga. Matrekta yakang'oa miti, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Kufikia 1951 mpango umekufa, pauni takriban milioni 36 zimepotea, na reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Pori likakatwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja.

Baada ya uhuru, mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote nchini, ikaja kufungua mwaka 1978. Katikati hapo ikaja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974, na sasa tunayo ya 2009.

Tusidanganyane, sheria zilikuwa na sababu. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuta tembo kama 109,000 kwenye eneo la Selous. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Hayo siyo mambo ya washkaji watano na gobore la kuazima. Hiyo ni biashara ya meno, yenye silaha za kivita na wanunuzi wa ng'ambo. Operesheni Uhai ya 1989 ilifanyika kwa sababu hali ilikuwa mbaya kinoma. Tatizo ni kwamba neno lilikuwa moja kwa wote. Aliyeua tembo thelathini, jangili. Aliyetega funo wa mboga, jangili.

SIMBA AKABADILISHA MENYU

Na hapa ndipo historia inapouma, maana hata washkaji wetu wana sehemu yao.

Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300. Mkoa wa Lindi ulikuwa kati ya walioumia zaidi. Watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichimba sababu, wakachapisha majibu mwaka 2005. Walikuta mashambulizi ni mengi zaidi kule ambako swala na wanyama wengine wa kuliwa wamepungua, huku nguruwe pori wamejaa.

Fikiria. Pofu ameisha, kongoni ameisha. Simba anabaki na nguruwe pori. Nguruwe pori anaenda wapi usiku? Kwenye mahindi yako. Na wewe msimu wa mavuno uko wapi usiku? Uko shambani, kwenye kibanda chepesi cha nyasi, unalinda hayo mahindi dhidi ya nguruwe. Simba anamfuata nguruwe, anakukuta wewe.

Na mbona nguruwe wamejaa? Kusini ni eneo lenye Waislamu wengi, nyama yake hailiwi na wengi, kwa hiyo wawindaji walimruka. Kila mnyama mtamu alipungua, yule mharibifu akabaki. Babu mwenyewe anasema siku hizi ukipita njia zao za zamani unakuta nyayo za nguruwe na nyani. Za pofu mpaka usimuliwe.

Kwa hiyo msimu mzuri wa jana unaweza kuwa msiba wa kesho. Hilo gavana hakuliona kwa sababu hakulala kibandani. Na washkaji hawakuliona kwa sababu hakuna aliyekaa nao kuhesabu.

WENZETU WALIFANYAJE?

Turudi kwa wale wa elki. Usidhani wao walizaliwa na adabu. Walimaliza wanyama wao vibaya, elki wakabaki chini ya laki moja mwanzoni mwa karne ya 20. Leo wako takriban milioni moja. Walichofanya ni kumfanya mwindaji wa kawaida alipie uhifadhi. Kibali kina idadi na msimu, na tangu mwaka 1937 kuna kodi kwenye bunduki na risasi inayokwenda kulea wanyama. Fundi gereji anaweza kupata kibali. Ndiyo maana anapiga picha na kutaja jina lake bila woga.

Sisi tumeanza kusogea. Kanuni za 2002 ziliruhusu vijiji kuanzisha jumuiya za kuhifadhi wanyamapori, na kusini hapo ipo ya Magingo, Liwale. Mwaka 2020 zikaja kanuni za kuuza nyamapori, mabucha yakafunguliwa, mtu akanunua nyama ya pori na risiti mkononi. TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ndiyo yenye vibali. Ni hatua. Lakini risiti ya buchani inamfikia mtu wa mjini mwenye hela. Kijana wa Malolo anayelala shambani anahitaji kingine: sauti kwenye kupanga, na fungu linaloonekana pale wageni wanapolipia wanyama waliokula mahindi yake.

Na kabla hujaenda kumtafuta mwenye gobore, sikia: kuwinda bila kibali ni kosa, na jela ipo. Siandiki haya umfuate Babu porini. Umri wake wenyewe haumruhusu tena.

Ila ujuzi wake ni mali. Anajua mnyama gani alinyweshea wapi, mwaka gani alionekana mara ya mwisho, njia ipi tembo walipita kabla ya trekta la karanga. Hiyo ni data, mdau, na hakuna kompyuta yoyote yenye data hiyo. Ila hawezi kuisema hadharani, kwa sababu kuisema ni kukiri. Wenzake wanne wameshatangulia mbele ya haki na ya kwao yamezikwa nao.

Kama una babu, mjomba au mzee wa mtaa aliyetokea Nachingwea, Liwale, Ruangwa au popote kwenye pori, mkalishe umuulize aliona nini. Usianze na aliua nini. Anza na jina lake, uliandike vizuri.