"Havionekani": Historia ya Kupima Virusi vya UKIMWI Vilivyosalia katika Damu wakati wa Tiba

Katika majibu ya maabara ya mwishoni mwa miaka ya 1990, neno "havionekani" lilimaanisha kwamba mililita moja ya utegili wa damu ilikuwa na nakala za virusi vya UKIMWI (VVU) zisizofika 400. Halikumaanisha kwamba virusi havimo. Kwa mtaalamu wa maabara tofauti hiyo ni jambo la kawaida. Kwa mgonjwa, ndiyo iliyobeba matumaini yote.

Kikomo hicho kilitokana na uwezo wa kipimo, si na maumbile ya ugonjwa. Kipimo cha Amplicor cha kampuni ya Roche, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1996, kilitumia mikrolita 200 tu za utegili. RNA ya virusi iligeuzwa kuwa DNA, kisha ikarudufishwa hadi iweze kuhesabika. Mgonjwa mwenye nakala 100 kwa mililita ana takriban nakala 20 katika ujazo huo, na baadhi hupotea njiani. Toleo lililofuata lilitatua tatizo hilo kwa njia rahisi ya kustaajabisha: mikrolita 500 za utegili zilizungushwa kwa kasi kubwa mpaka virusi vikatuama chini ya kichupa, ndipo vikapimwa. Kikomo kikashuka hadi 50.

Wakati huohuo hesabu zilikuwa zimetangulia mbele ya vipimo. Mwaka 1997, Perelson na wenzake walifuata mwinamo wa kushuka kwa virusi kwa wagonjwa waliotibiwa, wakakadiria kwamba tiba ya miaka 2.3 hadi 3.1 ingeweza kuvimaliza kabisa, iwapo hapakuwa na maficho mengine mwilini. Sharti hilo la mwisho lilisahaulika upesi kuliko tarakimu zenyewe. Mwaka huohuo watafiti, miongoni mwao Finzi na wenzake, walionyesha kwamba virusi vyenye uwezo wa kuzaliana vilikuwa vimejificha katika seli za CD4 zilizopumzika za wagonjwa ambao damu yao "haikuwa" na virusi. Kufikia 1999 makadirio ya kuyamaliza maficho hayo yalizidi miaka 60. Mchoro ulioishia penye kikomo cha kipimo ulikuwa umesomwa kana kwamba unaelekea sifuri.

Mwaka 2003, Palmer na wenzake walichapisha kipimo cha utafiti kilichotumia mililita 7 za utegili na kuweza kugundua hata nakala moja kwa mililita. Kwa kipimo hicho, wagonjwa wengi waliokuwa chini ya 50 walikutwa na nakala chache, na hali hiyo ilidumu kwa miaka 7 au zaidi. Je, dawa zilikuwa dhaifu, au seli za zamani zilikuwa zikivuja? Swali hili halikuwa la kinadharia tu. Kama dawa zilikuwa dhaifu, ilipasa kuziongeza. Kama seli zilikuwa zikivuja, kuongeza dawa kungekuwa kumtwisha mgonjwa mzigo bure. Mwaka 2009, Dinoso na wenzake waliongeza dawa nyingine, na virusi vilivyosalia havikupungua. Baadhi ya watafiti waliona dalili za kuzaliana kwa virusi kwa sehemu ya wagonjwa, lakini hoja ya uvujaji ndiyo iliyopata nguvu zaidi.

Hofu nyingine ilihusu kupanda kwa ghafla kupita 50 na kushuka tena. Nettles na wenzake (2005) waliwapima wagonjwa 10 kila baada ya siku 2 au 3 kwa miezi 3 hadi 4. Kupanda huko kulionekana kutokea kwa bahati, bila uhusiano na usugu wa virusi. Mgonjwa aliyekemewa kwa kudhaniwa ameacha dawa huenda hakukosa hata kidonge kimoja.

Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2013 kipimo hiki kiwe njia kuu ya kufuatilia tiba, lilichagua kizingiti cha nakala 1,000. Katika nchi nyingi za Afrika, sampuli ni matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi; damu hiyo nzima hubeba pia DNA ya virusi iliyomo ndani ya seli, hivyo tarakimu za chini huwa hazitegemeki. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2023 inatenganisha "vimefubazwa", yaani vimegunduliwa lakini havizidi 1,000, na "havionekani", yaani havikugunduliwa kwa kipimo kilichotumika.