Unanunua mbwa Moshi? Kwanza sikia habari ya Mkomazi



Mtu wa Moshi akienda kununua mtoto wa mbwa, swali lake la kwanza ni bei. La pili ni "atakuwa mkali?" Akijibiwa hayo mawili anatoa hela, mnyama anawekwa kwenye boksi, safari ya nyumbani inaanza. Simlaumu mtu. Huku kwetu mbwa hanunuliwi awe pambo la sebuleni. Ananunuliwa kwa sababu usiku kuna watu wanapita migombani, na kuku, mbuzi na hata ng'ombe wanaondoka.

Ila yapo maswali mengine ambayo yangepaswa kutangulia bei. Nimekuwa nikiyafuatilia kwa wiki kadhaa, kwa ajili ya sababu ya kifamilia nitakayoieleza mbele, na nimegundua kwamba kila swali lina historia. Hakuna lililotungwa na mtu aliyekaa ofisini akijikuna kichwa. Yote yameandikwa na vifo, vya mbwa, vya simba na vya watu. Na mojawapo ya historia hizo ilitokea humu humu mkoani Kilimanjaro.

Twende Mkomazi. Kutoka Moshi mjini hadi Same ni kilomita 100 hivi, barabara ya kwenda Tanga, na Mkomazi ipo hapo jirani. Leo ni Hifadhi ya Taifa, zamani ilikuwa Pori la Akiba. Mwaka 1989 alifika pale Mwingereza Tony Fitzjohn (alifariki 2022), mtu aliyewahi kufanya kazi na George Adamson kule Kenya. Katika miaka ya 1990 mradi wake ulianza kuzalisha mbwa mwitu. Hawa si mbwa koko walioasi. Ni wanyama wa jamii nyingine kabisa, wenye madoa na masikio makubwa ya duara, na walikuwa wanapungua Afrika nzima. Mpango ulikuwa kuwazalisha ndani ya uzio na baadaye kuwarudisha porini.

Sasa fikiria ufugaji ule. Kulikuwa na uzio, daktari, kumbukumbu, wataalamu kutoka Ulaya, na mbwa walichanjwa. Ukitafuta mfugaji makini zaidi ya huyo utachoka. Desemba 2000 ugonjwa ukaingia. Ndani ya miezi miwili, kati ya mbwa mwitu 52 walikufa 49. Wakabaki watatu.

Ugonjwa wenyewe ni distempa. Ni ugonjwa wa virusi unaomshika mbwa kwa homa, makamasi, kukohoa, kuharisha, na mwisho unapanda kwenye ubongo: mbwa anatetemeka, anaanguka kifafa, anakufa. Anayepona mara nyingine hubaki na kilema cha neva maisha yake yote.

Utauliza, si walichanjwa? Ndiyo. Lakini ipo chanjo na chanjo. Chanjo ya distempa inayofanya kazi vizuri kwa mbwa wa nyumbani hutengenezwa na virusi hai vilivyodhoofishwa. Chanjo ya namna hiyo ilikuwa imewahi kuwaua mbwa mwitu kwenye maeneo mengine, kwa hiyo wa Mkomazi walipewa ile ya virusi vilivyouawa. Ikawa salama, lakini kinga yake haikutosha. Somo la kwanza ndilo hilo: neno "amechanjwa" peke yake halina maana. Amechanjwa nini, lini, na nani?

Ugonjwa huu una historia inayotugusa hata sisi wa magazeti. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba unaletwa na kirusi. Wengi hawakumwamini. Katika miaka ya 1920 mbwa wa kuwindia wa matajiri wa Uingereza walikuwa wanakufa ovyo, na gazeti moja la mambo ya mashamba na uwindaji, The Field, likawachangisha wasomaji wake fedha za utafiti. Patrick Laidlaw na George Dunkin wakafanya kazi hiyo Mill Hill, London, na kabla muongo haujaisha wakawa na chanjo. Walitumia ferret, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Mwaka 1933 Laidlaw na wenzake wakatumia ferret haohao kukitambua kirusi cha mafua ya binadamu. Kwa hiyo mchango wa wasomaji wa gazeti kwa ajili ya mbwa ulikuja kuwasaidia watu.

Kwetu distempa ilipiga kelele mwaka 1994, Serengeti. Iliua karibu theluthi moja ya simba wa eneo lile, yaani simba 1,000 hivi. Simba, jamani! Macho ya wataalamu yakaelekea kwenye vijiji vinavyoizunguka hifadhi, ambako kulikuwa na maelfu ya mbwa wasiochanjwa, na kampeni za kuwachanja mbwa wa vijijini zikafuata.

Ndugu wa distempa kwa ukatili ni parvo. Huu ni ugonjwa mpya kabisa. Kabla ya miaka ya 1970 haukujulikana. Ulionekana 1978, na ndani ya miaka miwili ulikuwa umeizunguka dunia. Mtoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu, siku mbili tatu kwisha. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Sabuni ya kawaida hakiijali, hadi jiki. Ndiyo maana muulize mfugaji: je, mwaka huu au mwaka jana kuna watoto wa mbwa waliokufia hapa kwa kuharisha? Akisema wapo, udongo wa banda lile bado una kesi ya kujibu.

Na hapa kuna jambo watu wengi hawaelezwi. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizuia chanjo isifanye kazi. Inaisha taratibu, kila mtoto kwa wakati wake, na hakuna anayejua siku hasa. Kwa sababu hiyo chanjo huanza kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, hadi afikishe wiki 16. Anayekwambia "huyu alishachomwa sindano yake, kamaliza" wakati mbwa ana wiki 7, ama hajui ama anataka uondoke haraka.

Sababu yangu ya kifamilia ndiyo hii. Dada yangu anakaa mjini, ana watoto wawili, mdogo ana miaka mitano. Alitaka mbwa, akaniomba nimsindikize kwa mzee mmoja huko juu, upande wa Kibosho. Tukamkuta mzee mcheshi, watoto sita wa mbwa wanene wamezagaa chini ya migomba. Mpwa wangu alishakaa chini katikati yao, mkono wote uko mdomoni mwa mmoja. Wenye mbwa mnajua, meno ya mtoto wa mbwa ni kama sindano. Alikuwa anacheka huku mkono una mikwaruzo yenye damu.

"Shikamoo meku," nikasema. "Hawa wamechanjwa?"

"Marahaba. Wote, baba. Hata kichaa tayari."

"Wana umri gani?"

"Wiki sita hizi."

"Aliyewachanja ni daktari wa mifugo wa kata?"

"Nimewachoma mwenyewe. Dawa nilinunua mjini, ilikuwa kwenye friji hapo ndani."

"Na kadi?"

Mzee akacheka. "Mbwa naye ana kadi ya kliniki?"

Dada akanitazama kwa jicho la "hebu acha mambo ya gazeti." Lakini nilikuwa naangalia mkono wa mtoto, na nilichokuwa nakiwaza ni kichaa.

Tarehe 6 Julai 1885, mwaka uleule ambao Carl Peters alipata hati ya Kaizari ya kuja kutumeza, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister alipelekwa kwa Louis Pasteur mjini Paris akiwa amejaa majeraha ya mbwa mwenye kichaa. Alichomwa chanjo, akaishi. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado inakadiriwa kwamba kichaa kinaua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia. Takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifika vifo 1,500 hivi kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vilivyokuwa vinaandikwa kwenye takwimu rasmi. Waliobaki walikufa majumbani, wengine wakisemwa wamerogwa.

Ubaya wa kichaa ni kwamba hakina haraka. Mbwa aliyeng'atwa anaweza kukaa wiki au miezi anacheza na kula kama kawaida. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna daktari wa kumrudisha. Chanjo ya mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu. Kwenye kampeni za vijijini hata wadogo huchanjwa, na ni vizuri, lakini inabidi warudiwe. Kwa hiyo wa wiki sita hawezi kuwa "tayari". Swali la maana kwa mzee lilikuwa juu ya mama yao: kadi yake ya chanjo iko wapi, na je, kuna mbwa mgeni aliyewahi kuingia hapa akang'ata?

Kununua mbwa ni kuhamisha mbwa, na ugonjwa husafiri naye. Waulizeni Pemba. Kwa kuchanja mbwa kwa wingi walikiondoa kichaa mwaka 2014, kikarudi 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakaanza upya hadi wakakiondoa tena 2018.

Na friji ya mzee? Chanjo huharibiwa na joto. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa hudumu miezi sita kwenye nyuzijoto 25, na miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Lakini hiyo ni aina moja, si ruhusa ya kila chupa inayokaa kwenye friji isiyo na umeme. Tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari ili kazi hii ifanywe na watu wanaotambulika.

Mzee alikuwa na kauli nyingine: "Hawa ni German Shepherd pyua." Sawa. Aina hiyo ilianza kuandikishwa rasmi 1899, pale Max von Stephanitz alipoanzisha chama chake Ujerumani. Mwaka mmoja baadaye Wajerumani wengine walimnyonga Mangi Meli hapa Old Moshi. Stephanitz alitaka mbwa wa kazi. Baadaye watu wakazalisha kwa ajili ya sura, ndugu kwa ndugu, na maradhi ya nyonga yakashamiri. Mwaka 1935 daktari Gerry Schnelle wa Marekani aliyaeleza kitaalamu: kichwa cha paja hakikai vizuri kwenye nyonga, mbwa anaishia kujikokota. Mwaka 1966 Wamarekani wakaanzisha taasisi ya kukagua picha za eksirei za nyonga za mbwa wa kuzalisha.

Nyonga ya mtoto wa wiki nane haikwambii kitu. Inaulizwa ya wazazi. Picha ya eksirei ya mbwa huku mlimani ni nadra, basi mwombe mfugaji akuletee mama na baba, uwaone wakiinuka, wakitembea, wakipanda kijilima. Asiyeweza kukuonyesha hata mama, ujue huyo si mfugaji, ni dalali.

Jambo la mwisho la historia, fupi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwapima wagonjwa wa homa waliolazwa KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kwa 100. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, karibu robo walikuwa nayo, ikiwemo homa ya mgunda, ile iliyovuma 2022 ilipolipuka Lindi, na homa zinazoenezwa na kupe. Sisemi mbwa ndiye mkosaji. Ng'ombe, mbuzi na panya wamo. Lakini mbwa naye anaweza kuzibeba, kwa hiyo kagua kupe masikioni, na uliza kama mama amechanjwa homa ya mgunda.

Haya, kata uende nayo:

1. Mama yuko wapi? Kadi yake ya chanjo ya kichaa na distempa?
2. Watoto wamechanjwa nini, tarehe ngapi, na nani? Stika ya chupa ipo kwenye kadi?
3. Kuna waliokufa hapa kwa kuharisha au kifafa miezi 12 iliyopita?
4. Kuna mbwa wa hapa aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana?
5. Wamepewa dawa ya minyoo lini?
6. Baba ni nani, na ana undugu gani na mama?
7. Nitaruhusiwa kumpeleka kwa daktari wa mifugo kabla sijalipa yote?

Na kama mbwa yeyote, mkubwa au mdogo, amekung'ata akakutoa damu na huna uhakika naye, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atafanya nini.

Siku ile hatukununua. Mpwa wangu tulimwosha mkono bombani kwa mzee, tukashuka naye hospitali, akaanzishiwa chanjo. Alilia njia nzima, akimlilia mbwa, sindano hata hakuijali. Mzee nilimwachia namba ya daktari wa mifugo, na wiki iliyofuata alimpigia mwenyewe. Sasa mama mbwa ana kadi, na majirani wawili wameleta wa kwao. Mfugaji akiulizwa na wateja watatu, anabadilika. Tatizo letu ni kwamba wateja wote wanauliza bei.